Jiko Lililomsingizia Mzee Ndahani

Hapo zamani, zamani ambayo vumbi lake bado liko kwenye viatu vyangu, palikuwa na bendi ya dansi mjini Manyoni. Bendi iliitwa Nyuzi Sita. Naona mmeshaanza kucheka. Chekeni sasa, mbele huko hamtapata nafasi.

Nyuzi Sita ilikuwa na Mzee Ndahani, mpiga gitaa la solo, mtu wa miaka sitini na saba, mpole kama maji ya mtungini. Ilikuwa na Tausi, mwimbaji na kiongozi, ambaye mzee huyo ndiye aliyemfundisha kuimba. Ilikuwa na Njiku, mpiga dramu, mwenye mguu mzito kuliko akili. Na ilikuwa na kijana mmoja wa gitaa la ridhimu, jina lake Yoeli. Huyo Yoeli alikuwa mzuri wa sura, mwepesi wa vidole, mvaaji. Shule aliiacha kidato cha pili, au shule ilimwacha yeye, hilo halijapata kuamuliwa. Msinitazame hivyo. Sijasema ni mimi.

Wengine walikuwapo, wa besi na wa tumba, lakini kesi hii haiwahusu. Bahati yao.

Bendi ilikuwa na boksi moja, amplifaya ya gitaa. Siyo hizi zenu za siku hizi mnazobeba kwa kidole kimoja. Hii ilikuwa ya valvu, yaani ndani mna vichupa vya kioo. Unaiwasha, unangoja, vichupa vinapata moto, vinang'aa kama makaa. Ndiyo maana tuliiita Jiko. Uzito wake nusu gunia la mahindi.

Na bendi ilikuwa na sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Ukimsingizia mwenzako katika muziki, basi kile chombo ulichomsingizia nacho unakibeba kichwani, mchana, peke yako, unapita nacho sokoni, unavuka reli, mpaka mlangoni kwake. Njiani watu wakikuuliza umefanya nini, unasimama na kuwajibu. Mpiga besi mmoja wa kale alimsingizia mwenzake kwamba amepasua ngozi ya tumba. Akaibeba tumba ile siku ya mnada. Mpaka leo wajukuu zake wakipita huitwa "wale wa Tumba".

Basi Jiko likaanza kuzeeka, na kama wazee wote likaanza kulalamika. Lalamiko la kwanza lilikuwa mvumo. Mmmmmm, kama nyuki mzingani, hata kama hakuna anayepiga. Lalamiko la pili lilikuwa mkwaruzo. Krrr, krrr, kila ukizungusha kitufe cha sauti, kama kuku anapekua mabati.

Akaitwa Fundi Kassiani, fundi wa redio pale karibu na stesheni. Fundi akafungua. Akakuta kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kutunza umeme, zimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Akazing'oa, akalehemu mpya. Mvumo ukafa. Akakuta kitufe kimejaa vumbi. Akakisafisha kwa spiriti. Mkwaruzo ukafa.

Kisha akachukua rangi ya kucha ya mkewe, akatia alama kwenye valvu tatu ndogo. Nukta moja, nukta mbili, nukta tatu.

"Sikilizeni," akasema. "Hizi tatu zinafanana kama mapacha, lakini kila moja ina kazi yake. Hii ya nukta moja inakaa mwanzo, ndiyo sikio la mashine. Inasikia mnong'ono wa gitaa, na kila inachosikia mashine inakikuza mara elfu. Hii ya nukta tatu imechoka, ukiigusa inalia kama kikombe cha bati. Huku mwisho haina madhara, hata ikikohoa hakuna wa kuisikia. Lakini ikikaa mwanzo, kikohozi chake kitasikika mpaka Itigi. Msizihamishe."

"Tumesikia, Fundi," Tausi akasema.

"Tumesikia," Njiku akasema.

Na Yoeli? Yoeli alikuwapo. Alikuwa anatazama viatu vyake, vipya, vyeupe, vya ncha kali.

Haya. Wiki ya pili Yoeli akafika ukumbini mapema, peke yake. Akaona Jiko lina vumbi. Akasema moyoni, mimi ni mtaalamu, nani kama mimi? Akafungua mgongo wa Jiko, akachomoa vile vichupa vitatu, akavifuta kimoja kimoja kwa leso yake yenye marashi, akavipanga kwenye kiti. Kisha akavirudisha. Cha nukta tatu kikaingia mwanzo, cha nukta moja kikaenda mwisho. Nukta aliziona? Aliziona. Alidhani ni urembo.

Basi, ni mimi. Mmefurahi? Yoeli ni mimi. Hayo ya uzuri wa sura siyafuti.

Wenzangu walipofika nikawaambia, "Leo Jiko limefanyiwa huduma ya kitaalamu. Mtasikia tofauti."

Na walisikia.

Siku hiyohiyo Njiku alikuwa amelihamisha Jiko kutoka sakafuni, akalipandisha kwenye jukwaa lake la mbao, karibu na dramu kubwa. "Nataka nisikie solo vizuri," akasema. Hakuna aliyemkataza.

Sasa mjue Mzee Ndahani alisifiwa kwa nini. Mzee hakuwa na mbio. Alikuwa na noti ndefu. Katikati ya wimbo aliishika noti moja, akaivuta, akaivuta, mpaka watu wanasahau chupa mkononi. Siku hiyo akaishika noti yake, akaivuta, na mwishoni kabisa, pale inapotakiwa kuzimika kama moshi, ikasikika: ngiiiing! Kali, chafu, kama kidole kimeteleza kwenye uzi.

Watu wakageuka.

Wiki ya kwanza Mzee akasema, "Wanangu, huyo si mimi."

Wiki ya pili Mzee akasema, "Labda ni mimi."

Wiki ya tatu Mzee akautazama mkono wake.

Mtaani wakasema mzee mikono inatetemeka. Na pale kwenye kijiwe cha kahawa kulikuwa na kijana mmoja anayewaigiza watu vizuri sana. Alikuwa anashika gitaa la hewani, anatetemesha kidole, anasema "ngiiiing", na kijiwe kizima kinalala kwa kicheko. Huyo naye mnamjua.

Tausi akaona atende haki. Akalipeleka Jiko kwa Fundi Kassiani. Fundi siku hiyo alikuwa na redio kumi na moja mezani. Akalilaza Jiko chali, akaliwasha, akaweka testa yake hapa na pale. Chumba kimya. Hakuna dramu, hakuna gitaa, hakuna kitu cha kulitikisa. Jiko likanyamaza kama mtoto aliyepelekwa kwa daktari. Fundi hakuchungulia hata nukta zake mwenyewe. Akachukua karatasi, akaandika: Mashine nzima. Tatizo liko kwa mpigaji. Akagonga muhuri.

Tausi akaiweka karatasi kwenye mkoba. Jumapili mchana, katika bonanza, watu wamejaa, akashika maikrofoni. Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia. Alisema, "Baba yetu Ndahani ametupigia miaka thelathini na minane. Mashine imepimwa, mashine ni nzima. Leo tumwombe baba apumzike."

Watu wakapiga makofi, na makofi yale yalikuwa mabaya kuliko matusi. Mzee akafuta gitaa lake kwa ile fulana yake ya zamani, akalitia kwenye mfuko wa gitaa, akasema, "Asanteni." Akavuka reli, akaenda zake.

Kiti cha solo nikapewa mimi.

Jumapili iliyofuata nikapanda jukwaani na miwani ya jua. Nikasema leo nawaonyesha. Nikaishika noti ndefu, ileile ya mzee, nikaivuta.

Ngiiiing!

Kidole changu hakikuwa kimeteleza. Nawaapia, kilikuwa kimetulia kama msumari. Nilijua hapohapo. Nilijua kwamba kama si mimi, basi hakuwa yeye. Nikakumbuka ile leso, nikakumbuka vile vichupa kwenye kiti.

Nikafanya nini? Nikaanza kupiga mbio. Noti juu ya noti, kama mvua juu ya bati, ili mlio usipate pa kusikika. Watu wakashangilia. Wakanipa jina, Vidole vya Umeme. Miezi miwili sikushika noti ndefu hata moja. Mkanisifu kwa mbio, kumbe nilikuwa nakimbia.

Ikaja Ijumaa ya juzi, saa tisa mchana, mazoezi. Magitaa yote yako ukutani. Jiko linapata moto. Njiku anakaza dramu yake, akajaribu kwa mguu. Du!

Ngiiiing!

Tausi akageuka. "Nani amepiga?"

Hakuna aliyepiga. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya soda.

"Piga tena, Njiku."

Njiku akasita. "Ya nini, dada?"

"Piga, nimesema!"

Du! Ngiiiing!

Tausi akakaa chini kwenye mbao, pale pale, na gauni lake. Akasema, "Mungu wangu, Baba Ndahani."

Fundi Kassiani akaletwa. Safari hii hakuja na testa. Alikuja na penseli. Akafungua mgongo wa Jiko, likiwa linawaka, akaanza kugonga valvu kwa ile ncha ya mti, taratibu. Ya mwisho: tu. Ya katikati: tu. Ya mwanzo akaigusa kidogo tu, ikalia: ngiiiing! Ukumbi mzima ukasikia. Akazima, akangoja ipoe, akaichomoa, akaigeuza kwenye mwanga. Nukta tatu.

Akaihamishia mwisho, na ya nukta moja akairudisha mwanzo. Akawasha. Njiku akapiga dramu kwa nguvu zake zote. Kimya, dramu peke yake.

"Nani alizigusa hizi?" Fundi akauliza.

Nikatazama viatu vyangu. Havikuwa vyeupe tena.

"Yoeli," Tausi akaniita. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningekana kabisa.

"Nilifuta vumbi tu," nikasema.

"Ukaona mlio umeanza, ukanyamaza?"

"Fundi mwenyewe alisema mashine nzima! Karatasi ina muhuri!"

Fundi akaruka. "Mimi niliandika, sikusoma mbele za watu! Aliyeshika maikrofoni ni nani?"

Tausi akamgeukia. "Mimi fundi? Mimi nilisoma ulichoandika wewe!"

Njiku akakohoa. "Mimi angalau sikusema neno lolote."

Tausi akamtazama sana. "Njiku. Kwa nini ulisita niliposema piga tena?"

Njiku akashika fimbo zake, akaziachia, akazishika. "Nilijua. Siyo yote, dada. Nilijua kwamba nikikanyaga kwa nguvu, kitu kinalia. Niliogopa mtaniambia nikanyage taratibu."

Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi nacheka msibani.

Jana Tausi akaenda kwa Mzee Ndahani kumpa habari. Leo asubuhi ametusimulia, na naomba mnyamaze kidogo, hii sitaki kuirudia.

Alimkuta mzee mlangoni anakunywa chai. Kikombe kidogo, cha kawaida, lakini amekishika kwa mikono miwili. Tausi akamwamkia, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, nashika hivi nisije nikakumwagia."

Miezi miwili. Miezi miwili mzee anashika kikombe kwa mikono miwili, kwa sababu tulimwambia mkono wake unatetemeka, naye akatuamini sisi kuliko mkono wake. Kinyozi alikuwa hamruhusu tena ajishikie kioo. Kitabu cha nyimbo kanisani mjukuu ndiye anamfunulia. Gitaa limening'inizwa ukutani, limegeuziwa uso ukutani.

Tausi akamwambia, "Baba, mkono wako haukuwa na kosa. Ni Jiko."

"Usinitanie, mwanangu."

"Wallahi Baba, ni valvu."

Mzee akaweka kikombe chini. Akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake, akautazama muda mrefu, kama mtu aliyerudishiwa mbuzi wake aliyeibiwa, anatafuta alama yake. Mkono umetulia. Akaugeuza. Umetulia. Tausi anasema ndipo alipoona mdomo wa mzee ndio unaotetemeka.

Kisha mzee akasema, "Nitarudi. Lakini sheria ya Nyuzi Sita mnaijua. Jiko liletwe hapa kesho, kichwani, na mtu mmoja. Yule aliyeniondolea mkono wangu. Akifika nitalishusha gitaa, nimpigie noti moja hapa hapa mlangoni, yaishe. Wakija wawili nafunga mlango. Wakija wanne nafunga na dirisha. Kosa la wanne halina mwenyewe. Nawangoja mpaka treni ya saa kumi ipite. Ikipita, gitaa na libaki linatazama ukuta."

Kesho hiyo ndiyo leo. Nilianza na hapo zamani kwa sababu mambo ya zamani hubebeka. Haya ya leo ni mazito.

Tangu asubuhi tuko hapa ukumbini, watu wanne na Jiko, na ninyi mbele yetu. Juzi kila mmoja alimsukumia mwenzake. Baada ya kusikia habari ya kikombe, leo kila mmoja anavutia kwake.

Fundi Kassiani anasema, "Nilibebe mimi. Mwalimu wangu alinifundisha, gonga valvu kwa penseli kabla hujamgonga mtu kwa maneno. Penseli ilikuwa sikioni kwangu siku ile. Nilikuwa na haraka. Bila muhuri wangu Tausi asingesema. Kijana ni mjinga, hakujua. Mimi nilijua namna ya kujua, sikujisumbua."

Njiku anasema, "Nilibebe mimi. Ninyi wote mlikosea. Mimi sikukosea, mimi nilisikia. Kila Jumapili nilisikia mguu wangu unalia kwenye Jiko, nikamtazama mzee anainamisha kichwa, nikakanyaga tena. Mguu wangu mtamu niliupenda kuliko mzee. Neno moja tu, 'ngojeni', lingemwokoa."

Tausi anasema, "Nilibebe mimi. Valvu haikumfukuza baba. Karatasi haina mdomo. Mdomo ulikuwa wangu. Ningeweza kumpa Yoeli gitaa dakika moja, apige noti ileile, tusikie. Dakika moja! Sikutaka. Moyoni nilikuwa nimeshachoka na noti ndefu, nilitaka vijana. Karatasi ile ilinipa nilichokuwa nakitafuta. Na ni yeye aliyenifundisha kushika maikrofoni."

Na mimi?

Mimi hamnijui kwa unyonge. Mimi ndiye mwenye maneno mjini hapa. Lakini leo nimesimama nasema, nilibebe mimi. Nilizihamisha valvu, sawa, huo ni ujinga, ujinga husamehewa. Lakini ile Jumapili ya kwanza, noti ilipolia mkononi mwangu, nilijua mkono wa mzee ni msafi. Fundi hakujua. Tausi hakujua. Njiku alijua nusu. Mimi nilijua, nikakaa kwenye kiti chake, nikavaa miwani, nikapigiwa makofi. Na hata baada ya hapo, kijiweni, walipoomba niigize tena, niliigiza. Nilisema "ngiiiing". Nilijua, na nilisema.

Tausi ananijibu, "Wewe ulificha, lakini aliyefukuza ni mimi. Ulipojua, baba alishaondoka."

Njiku anasema, "Mimi nilijua kabla hajaondoka."

Fundi anasema, "Ninyi si mafundi. Kujua ilikuwa kazi yangu."

Sasa ni saa tisa na robo. Kwa mwendo wa mtu mwenye nusu gunia kichwani, kutoka hapa mpaka ng'ambo ya reli ni nusu saa, na sokoni utasimamishwa na kila mtu akuulize umefanya nini. Jiko liko katikati ya sakafu. Mikono minne iko juu yake. Hakuna anayenyanyua, kwa sababu hakuna anayeachia.

Na huko mlangoni mzee mmoja amekaa, ametazama barabara, mkono wa kushoto gotini.

Enyi mliokaa hapa na masikio yenu, mliocheka kijiweni na mliopiga makofi kwenye bonanza: watatu tutakaoachia mikono ni akina nani? Je, nani alistahili kulibeba Jiko?